Kukandwa Kisiamu Uani Kwetu

Mjomba wangu aliporudi kutoka vita vya Burma, kilichowashangaza watu wa kwetu Ikungi hakikuwa koti lake la jeshi wala viatu vyake vizito. Ni mambo aliyokuwa akiyafanya asubuhi. Jua likichomoza tu, alitandika ngozi ya ng'ombe uani, akakaa, akanyoosha miguu, akajikunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Kisha alijipinda upande mmoja, akajipinda upande wa pili, huku akipumua kwa sauti. Majirani waliokuwa wakipeleka mifugo malishoni walisimama kumtazama. Wengine walimvuta mama pembeni wakamwambia kwa upole kwamba kaka yake ameharibiwa akili na mabomu, atafutiwe dawa mapema.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa, karibu ya kuolewa, na sikuona wazimu wowote. Niliona mtu anayejua kitu, nami nikawa na hamu ya kukijua.

Jioni moja, tukiwa tumemaliza kula, mjomba alitueleza. Kule Burma alikuwa dereva wa lori. Siku moja lori liliteleza kwenye matope likapinduka, yeye akatolewa akiwa hai lakini mgongo umekakamaa kama gogo. Akalazwa katika kambi ya wagonjwa. Kambini hapo palikuwa na mpishi mzee, mtu wa Siamu, nchi ambayo siku hizi inaitwa Thailand. Wajapani walikuwa wamemchukua kwao kwa nguvu kwenda kujenga reli, na walipofukuzwa yeye alibaki akiwapikia wagonjwa wali na uji. Mchana, kazi ya jikoni ikiisha, alimlaza mjomba juu ya mkeka akamkanda kwa vidole gumba, kwa viganja, kwa viwiko, kwa magoti, hata kwa nyayo. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Mjomba alisema alijifunza kwanza kwa mgongo wake mwenyewe, kisha mzee akamwelekeza kwa ishara namna ya kuwakanda wenzake, akimpiga kofi dogo mkononi kila alipokosea.

Nilisikiliza nikiwa nimegeuza mwili mzima kumwelekea, kwa sababu wakati huo shingo yangu ilikuwa haigeuki. Mzigo wa kuni ulikuwa umeniponyoka kichwani, nikataka kuuzuia kwa shingo badala ya kuuacha uanguke. Mama alinikanda kwa maji ya moto na samli. Uvimbe ukaisha, lakini shingo ilikataa kwenda kushoto. Nikiitwa upande huo nilizunguka mzima mzima, wadogo zangu wakiniiga na kucheka.

Basi nilimwomba mjomba palepale anikande kama yule mzee alivyomkanda yeye. Alinitazama, akatazama sahani yangu, akakataa.

"Umeshiba ugali na mlenda," alisema. "Nikikubonyeza tumbo sasa hivi utanichukia. Lala. Kesho uje na njaa kidogo."

Usiku ule usingizi ulinipita kwa hamu. Asubuhi nilijifunga kaniki yangu mpya na kuikaza vizuri kifuani, kama mtu anayekwenda sherehe, nikatoka uani. Mjomba akanirudisha ndani. Alisema nguo ya kubana haifai, mguu utavutwa na mkono utapelekwa nyuma, nitafute shuka kubwa lililolegea nijifunike vizuri. Nilifurahi kusikia kwamba sitavuliwa kitu. Mama alifurahi zaidi yangu, maana alikuwa na wasiwasi, na mjomba mwenyewe alimtaka akae pale kwenye kigoda mpaka mwisho. Nilipoulizia samli, akasema mzee wa Siamu hakutumia mafuta, kwa sababu mkono unaoteleza hauwezi kukaa mahali pamoja na kubonyeza.

Kabla hajanigusa aliniuliza maswali mengi. Niliwahi kuvunjika mfupa? Mkono unakufa ganzi? Kuna jeraha lililofichwa na shuka? Nina homa? Mimi nilikuwa na hamu ya kuanza, nikajibu hapana, hapana, hapana, kwa haraka. Akaniambia nijibu tena polepole. Nikajibu polepole.

Nikalala chali juu ya ngozi. Mjomba akapiga magoti chini kabisa, akashika nyayo zangu.

"Shingo iko huku juu, mjomba," nilimwambia.

Akacheka. Alisema naye alimwonyesha mzee mgongo, na mzee akaenda moja kwa moja miguuni.

Sijui niseme vipi ilivyokuwa. Aliweka viganja akaegemea kwa uzito wake wote, polepole, akaachia, akasogea juu kidogo, akaegemea tena. Hakuwa akisugua kama mama anavyosugua. Ilikuwa kama kukanyagwa na mnyama mkubwa mpole. Nyayo zikapata moto, kisha vigimbi, kisha mapaja, na nikaanza kucheka bila sababu. Mama aliniuliza kama natekenywa. Sikuwa natekenywa. Nilikuwa nimegundua kwamba nina miguu, baada ya miaka yote ile ya kuitumia kubebea maji.

Lakini alipofika mabegani aliweka kiwiko mahali fulani karibu na mfupa wa bega la kushoto, na maumivu yakaniingia mpaka kwenye meno. Nilinyamaza. Msichana wa kwetu alifundishwa kunyamaza akiumia, na mimi nilijivuna kwamba najua kunyamaza kuliko wenzangu wote. Mjomba aliona vidole vyangu vya miguu vimejikunja. Akaondoa kiwiko, akaja kukaa mbele yangu nimwone.

"Ukinyamaza mimi ni kipofu," alisema. "Hapa hakuna sifa ya kuvumilia. Ikiwa ni maumivu matamu, niambie niendelee. Ikiwa ni maumivu mabaya, niambie basi, na nitaacha. Mimi siwezi kuyajua isipokuwa kwa mdomo wako."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Nikajaribu. Alipobonyeza tena nikasema basi, na kweli akaacha. Akasogea kidogo, nikasema hapo, akakaa hapo, akaniambia nipumue. Nikapumua. Kitu kilichokuwa kimejifunga mle ndani kikaanza kulegea chini ya mkono wake, nami nikasema hapo, hapo, mpaka mama akaanza kucheka.

Sasa akaniketisha, akaweka magoti yake mgongoni kwangu, akanishika mikono yote miwili akaivuta nyuma. Kifua kikafunguka kama mlango. Ndipo baba aliporudi kutoka shambani. Alitukuta hivyo, mimi nimepindwa kama upinde, shemeji yake nyuma yangu. Aliangusha jembe akauliza nimefanya kosa gani la kuadhibiwa namna ile. Mama ndiye aliyemweleza, maana mimi sikuweza kusema kwa kicheko. Mjomba alimkaribisha naye alale kidogo. Baba alisema ana kazi, akaokota jembe lake akaondoka, ingawa alirudi akasimama karibu na zizi, akijifanya anakagua boma.

Shingo aliigusa mwisho kabisa, tena kwa ncha za vidole tu. Kuipinda kwa ghafla ili ilie, alisema, hakufundishwa, na hangejaribu kwa mtoto wa dada yake. Kisha akaniambia nigeuke mwenyewe, mpaka pale panapokubali.

Nikageuka kushoto. Nikaona ukuta wa nyumba yetu ya tembe. Nikaenda mbele kidogo, nikaona ghala la uwele. Nikaenda tena, nikamwona baba karibu na zizi, naye ananitazama. Bega langu lilikuwa halijasogea. Nilipiga kigelegele peke yangu uani kwetu asubuhi ile, na mama akakipokea.

Mjomba aliniambia ninywe maji mengi, nipumzike, nisibebe kitu siku hiyo. Maji nilikunywa. Kupumzika kulinishinda. Nilikimbilia kisimani bila mtungi ili tu niwaonyeshe wenzangu shingo inavyogeuka, na kwa kila aliyefika nilianza upya.

Kesho yake niliamka naumwa kila mahali, kama mtu aliyelima shamba zima peke yake. Mama alishtuka akamwita kaka yake. Mjomba akashika kichwa. Alisema amesahau kutuambia kwamba siku ya pili mwili hulalamika, na siku inayofuata huacha. Ukaacha kweli.

Hayo yote bibi, mama yake mjomba aliyekuwa akiishi nasi, alikuwa ameyaona. Mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi kupita bega, na kilichomuudhi zaidi ni kufungwa kilemba na wajukuu. Alitaka akandwe kama mimi, magoti na viwiko na kila kitu. Mjomba alimwambia, kwa heshima, kwamba mifupa ya mzee haivutwi hivyo, na pia yeye hawezi kumkanyaga mama aliyemzaa. Bibi alikasirika. Basi mjomba akanitazama mimi.

Alinifundisha kwa namna alivyofundishwa, makofi madogo ya mkononi yakiwemo. Bibi alikaa kwenye kigoda, mimi nyuma yake, viganja tu, hakuna kuvuta. Nilimuuliza kila mara kama ni maumivu mazuri au mabaya, naye alinijibu kwa Kinyaturu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Tulikwenda hivyo msimu mzima wa mavuno. Mkono wake haukurudi kuwa wa ujana, lakini siku moja nilimkuta amejifunga kilemba mwenyewe, kimekaa upande, na hakutaka mtu akirekebishe. Alikwenda nacho hivyo hivyo mpaka gulio la Issuna.

Wanawake wakaanza kuja. Mwenye mimba changa nilimrudisha kwa adabu, kama mjomba alivyonionya, nikamwambia aje akishajifungua. Wengine niliwakanda, na kila mmoja nilimwambia kwanza asijikaze.

Kisha mjomba akapata kazi ya udereva Shelui. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta ametandika ngozi yake kama kawaida, lakini hakujinyoosha. Alikuwa amelala kifudifudi.

"Toka Burma hakuna aliyenikanda," alisema. "Wewe sasa unaweza."

Nilianza na nyayo. Mgongo wake chini ya viganja vyangu ulikuwa mgumu kuliko wa bibi, una makovu, na karibu na kiuno palikuwa na mahali alipoguna nilipoegemea. Nikamuuliza. Akasema ni hapo, hapo hapo. Nikakaa hapo nikimsikiliza anavyopumua, mpaka pumzi ikabadilika na nikajua amesinzia. Lori lilipopiga honi barabarani nilimwacha alale kidogo zaidi, nikamtuma mdogo wangu akamwambie dereva asubiri. Mjomba alipoamka alikuwa na alama ya ngozi shavuni. Alijinyoosha, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona, akaomba uji.