Kinyozi na Ufunguo wa Mtoni

Kinyozi huyu hamalizi kichwa cha mtu kwa mkupuo mmoja. Runinga ya ukutani ikifika mwisho wa ile filamu ya zamani, ya ndugu watatu wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao, yeye huzima mashine, mteja akabaki nusu kipara nusu msitu, na somo likaanza. "Kwa nini kaka mkubwa anautupa ufunguo mtoni? Si hasira, jamani. Ameona nyumba bila ndugu ni kuta tu." Mkono wake mnene hurusha ufunguo wa kuigiza tu kuelekea kwenye beseni la taulo, kisha hujipuliza nywele vidoleni na kujicheka: "Profesa mzima mie, shahada yangu ya ndevu!"

Juzi dada yake mdogo alikuwa kwenye benchi, amepita kumsalimia. Alingoja somo liishe. "Umeeleza vizuri, kaka. Na huo ufunguo wa nyumba ya baba yetu, ulio shingoni mwako? Sisi ndugu zako bado tunabisha hodi kama wageni."

Kinyozi aliushika ufunguo uliokuwa ukining'inia juu ya koti lake jeupe. "Mnamwona profesa wenu?" akawaambia wateja. "Anafundisha watu kuogelea, mwenyewe hajawahi kulowa!" Hakuna aliyecheka. Akautumbukiza ufunguo ndani ya shati, akawasha mashine, akaanza kunyoa kwa bidii upande ule ule aliokwisha kuunyoa.