Nilivyokula Udongo wa Wifi

Nimeshajicheka mwenyewe, sasa ni zamu yenu. Mimba hii inanidai udongo, basi nikamwagiza mume wangu aninunulie ule wa Kisarawe, mweupe unaoyeyuka mdomoni. Jioni hapa kwetu Mkuza umeme umekatika, nikapapasa mezani, nikakuta kifuko cha udongo mkavu, nikajua mume wangu kashauleta. Nikabugia nusu. Ukavimba, ukanata kwenye meno kama gundi!

Mume wangu alipoingia tu nikamwakia: "Umeniletea uchafu gani huu? Unataka kuniua?"

Wifi yangu, anayesomea udongo chuoni, akatoka chumbani mbio.

"Wifi, umekula utafiti wangu! Huo wa chini ya Mlima Meru. Juu kule mvua inasuuza mawe ya volkano na kupita, udongo wake haunati. Bondeni maji yanatuama, ndiyo maana huo unavimba."

Mtoto wa watu afeli kwa ajili ya tumbo langu?

"Tulia, nilishaupima. Hayo ni mabaki."

Nikashusha pumzi, alhamdulillahi! Ndipo mume wangu akatoa mfukoni udongo wangu wa Kisarawe, bado umefungwa.

"Mama Neema, sukutua kwanza, ndipo uendelee kunitukana."