Siku Niliyomkatalia Mama Mkwe Boti

Kati ya siku zote nilizofanya kazi kisiwani, mwanangu, ipo moja ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu hata kanisani, mpaka mama yako ananikanyaga mguu. Nataka uisikie kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu unaanza kazi kulekule kwenye mabanda ya wageni, na najua umejaza kichwa chako hali ya hewa ya kwenye simu. Sawa, ibebe simu yako. Lakini keti kwanza.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa nahodha wa boti ya wageni, kijana mwenye nguvu na maneno mengi kuliko nguvu. Kila asubuhi wageni wakinywa chai, kazi yangu ilikuwa kusimama mbele yao na kuwasomea ziwa. "Sasa hivi upepo unatoka nchi kavu," nilikuwa nawaambia, "ni mdogo, na maji yametulia. Anayetaka kuogelea aogelee sasa. Anayetaka kuvua mbuta atoke sasa. Baada ya chakula cha mchana upepo utageuka utoke ziwani, na mawimbi yatakuja nao. Jioni vaeni sweta." Wazungu walipenda, watu wa Nairobi walipenda. Yawa, nilikuwa na mdomo! Kuna mkubwa mmoja wa serikali niliyemwambia ashuke kwenye boti, akashuka bila neno.

Basi Jumamosi moja walikuja akina mama wa kanisa kutoka Kosele, wakulima wa viazi vitamu, wamevaa sare na vitambaa vya kichwa vinavyofanana. Walikuwa wamejipa zawadi ya kwenda kula samaki kisiwani na kurudi jioni. Wengi hawakuwa wamepanda boti maisha yao. Nilikwenda kuwapokea Mbita, ng'ambo nchi kavu, pamoja na Mzee Owiti, nahodha mkuu aliyenifundisha kazi, mtu wa Karungu. Nikanyoosha mkono kumsaidia wa kwanza apande, na nani ninamwona nyuma yake, mkoba ameukumbatia kifuani? Mama mkwe wangu. Nyanya yako!

Mkono wangu ulirudi wenyewe. Ninyi wa siku hizi mnapiga picha na mama wakwe, mmewekeana mikono mabegani. Sisi, mwanangu, mama mkwe ulimheshimu kwa kukaa mbali naye. Humtazami usoni, huli naye meza moja, na kulala naye chini ya paa moja ni jambo lisilotajwa hata kwa mzaha. Nilikuwa nimemwoa mama yako mwaka mmoja kabla, na nyanya yako nilikuwa nimemsalimu tu, macho yakiwa chini. Nikimwona sokoni nilipitia nyuma ya vibanda.

Siku hiyo ziwa halikusomwa. Mzee Owiti alishika usukani, mimi nikajibanza nyuma kando ya injini kama mzigo. Tulipofika nikajificha jikoni. Huko nje akina mama walikuwa wanafurahi, wee! Walivua viatu, wakaingiza miguu majini, wakapiga mayowe wimbi dogo lilipowagusa. Walikula samaki mpaka wakalegeza mishipi. Nilikuwa nachungulia dirishani nikicheka kimya kimya.

Halafu upepo ukageuka, mapema kuliko kawaida. Upande wa Uganda mbingu ilikuwa imekuwa nyeusi tii. Na boti ya barafu iliyokuwa ikienda kisiwa cha Remba kununua samaki ikaingia kwetu, ikatia nanga. Wewe jiulize: mtu aliyebeba barafu anayeyuka na mali yake jua linavyosogea. Huyo hasimami njiani kupumzika. Akisimama, jua ziwa limeharibika.

Nyanya yako akainuka, akajipangusa. "Twendeni," akawaambia wenzake. "Mimi silali kisiwa anacholala mkwe wangu." Wote walielewa. Mmoja akaja mlangoni kuniambia, "Mama anasema tumemaliza, tuvushe."

Nilijua kabisa kwamba hatufai kuvuka. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini kumwambia mama mkwe hapana? Nikachukua mafuta, nikajaza injini. Akina mama wakapanda wakiimba, nyanya yako akaketi mbele kabisa. Nikashika kamba ya kuwashia.

Mzee Owiti akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa mzee mpole, lakini siku hiyo macho yake yalinichoma.

"Jana yule mgeni wa kutoka Nairobi alipotaka kuvuka na upepo kama huu, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia asubiri kesho."

"Na huyu?"

Nikainamia injini.

"Kwani maji yatamuuliza ni mkwe wa nani?" akasema kwa sauti ya chini. "Unamnyamazia mtu mpaka azame, halafu unaita hiyo heshima? Nani alikufundisha? Leo yeye ni mgeni wako. Msomee ziwa."

Niliogopa, mwanangu. Mama yako alikuwa nyumbani na mimba ya dada yako. Nikawaza, mama yake akipotea majini kwa mkono wangu, nitamwangaliaje usoni maisha yangu yote? Nikateremka, nikasimama maji yakinifika magotini mbele ya nyanya yako. Nikaanza kutazama viatu vyake, nikapandisha macho polepole hadi usoni.

"Mama, hapana," nikasema. "Leo hatuvuki."

Wimbo ukakatika. Mama mmoja akajiziba mdomo. Na kwa vile mdomo ulikuwa umeshafunguka, maneno yakamwagika yote: upepo umegeuka, wingu lile linakuja na mvua, katikati pale mawimbi yanapanda juu ya boti, hata wa barafu wamesimama. "Kesho asubuhi na mapema maji yatatulia, nitakuvusha mwenyewe. Leo injini siwashi, Mama, hata ukinikasirikia."

Alinitazama, akanitazama. Kisha akageuka kwa wenzake, akapiga makofi.

"Kumbe anaongea! Na mimi mwaka mzima namlilia Mungu kwamba binti yangu ameolewa na bubu!"

Akina mama walicheka mpaka boti ikayumba. Hata mimi nilicheka, machozi yakinitoka. Lakini yeye akawa mzito tena. "Nitalala wapi mimi?"

Mzee Owiti akamjibu kwamba mabanda ni ya mwenye hoteli, mkwe wake hana hata msumari mmoja pale. Nami nikasema nitakwenda kulala kwa wavuvi, nyuma ya kilima.

"Aende," nyanya yako akasema, "na kilima kibaki palepale katikati yetu."

Hatukuwa tumemaliza kushusha mikoba, dhoruba ikafika. Ziwa likawa jeupe kwa povu. Pale ambapo tungekuwa tumefika hapakuonekana kwa mvua. Nikawatazama wale akina mama mmoja mmoja, nikakaa mchangani. Nao wakaanza wimbo wa shukrani, kwa sauti zilizokuwa zinatetemeka kidogo.

Asubuhi maji yalilala kama mafuta kwenye sufuria. Walisali palepale ufukweni, na walipotaka kupanda, nyanya yako akawazuia. Hakuniambia mimi, aliwaambia wao: "Subirini kwanza. Mkwe wangu atusomee ziwa." Nikasoma kwa sauti kubwa, macho chini, furaha imenijaa mpaka kooni. Kosele nzima ilisikia habari hiyo, na aliyeitangaza alikuwa yeye mwenyewe.

Basi mwanangu, kule unakokwenda utakutana na mgeni mwenye ndege ya kuwahi, na mwenye harusi, na bosi wako atakukodolea macho useme hakuna shida. Waambie ukweli wa maji mapema, wakiwa bado wanakunywa chai, kabla hawajafunga mizigo. Usilolijua sema hulijui, kisha nenda kaulize wenye barafu. Na yule unayemheshimu kuliko wote, huyo ndiye wa kumwambia kwanza, hata sauti ikikutetemeka.

Haya, inamisha kichwa nikubariki. Mungu akulinde juu ya maji na ufukweni. Akupe macho ya kuona wingu likiwa bado dogo. Na kila utakayemvusha akanyage nchi kavu kwa miguu yake miwili, afike kwao salama, akae na watoto wake, awalalamikie usiku kucha kwamba ulimchelewesha.