Makala Juu ya Mpima Mashamba

Ubaya ulianza na viti. Kwenye bwalo la chuo, hapo Kharkiv, Profesa Osip Naumovych Breyder aliketi na sahani yake ya supu ya borshi, na meza nzima ikabaki yake peke yake. Juzijuzi tu watu walikuwa wanagombania kukaa naye wacheke. Sasa eti kila mtu ana haraka! Ilikuwa Machi ya mwaka arobaini na tisa. Kila asubuhi magazeti yaliwatukana wasomi "wanaowasujudia wageni", na kwenye korido ya juu milango miwili ilishang'olewa vibao vya majina. Wenye majina hawakurudi, wala hakuna aliyethubutu kuuliza wako wapi.

Aliyebeba sahani yake akaenda kuketi na mzee alikuwa Melania Tarasivna Holub, mhadhiri wa historia ya hisabati. Binti wa fundi viatu wa Poltava, mkaidi tangu utotoni. Alikuja chuoni kusoma hesabu, akanogewa na habari za watu waliozivumbua, na Breyder ndiye aliyemfundisha Kilatini na Kijerumani, jikoni kwake, huku mkewe Rozalia akikaanga vitunguu. Wazee wale hawakujaliwa mtoto. Melania alikula kwao miaka yote ya vita, chuo kilipohamishiwa mashariki, na baada ya vita, akagombezwa kwao, akaugulia kwao. Aliwapenda kuliko alivyowahi kusema.

Wiki hiyohiyo Ndugu Shapoval, katibu wa chama cha kikomunisti pale chuoni, alimwita Melania ofisini. Alikuwa anatafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kiganjani.

"Kesho kutwa tuna mkutano juu ya Breyder. Utazungumza wa kwanza."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye unayemjua. Msute kidogo tu. Ukitaka kumtetea, mtetee, sisi si wanyama. Ila tetea kwa ushahidi, siyo kwa machozi." Akatabasamu. "Shahada yako ya udaktari nayo iko mezani kwangu, usisahau."

Melania alitoka pale na hofu, lakini neno "ushahidi" lilimtia nguvu. Ushahidi ndiyo kazi yake! Akaenda moja kwa moja kwa mzee.

"Nisute," Breyder akamwambia kabla hajavua hata koti. "Sema mimi ni mjinga, nimepitwa na wakati. Nitakaa nitikise kichwa, yaishe."

"Ng'o! Sikusuti."

"Basi funga mdomo, Melania. Nakuomba. Usijitie ujuaji mbele ya wale."

"Wewe niachie mimi, baba," akasema, na Rozalia akambusu kwenye paji la uso.

Ukumbi ulijaa. Breyder alikaa mbele, koti magotini, kikohozi kinamsumbua. Melania aliposimama, sauti ikatoka vizuri. Mnasema mzee huyu anawasujudia wageni, akasema. Haya, ni nani aliyeandika makala akamfufua mpima mashamba mmoja wa kale wa Chernihiv, mtu wetu, aliyejua kukokotoa eneo la shamba lenye mipaka ya kupinda kabla Wafaransa hawajajua? Ni yeye! Ni nani mwingine humu ndani aliyelipatia taifa letu heshima kama hiyo?

Watu wakaguna. Nyuma kabisa mtu akapiga makofi mawili, akaacha. Melania akamtazama mzee apate kuona furaha yake, akamkuta anatikisa kichwa taratibu, uso umempauka. Akadhani ni haya.

"Vizuri sana!" Shapoval akasema kwa upole. "Hata hatukulijua hilo. Makala hiyo tuisome wapi?"

Swali hilo mwanahistoria wa hesabu huulizwa kila siku ya Mungu, na hulijibu bila kufikiri, kama mtu aliyebishiwa hodi akasema karibu.

"Ilichapishwa Berlin, mwaka ishirini na saba," akasema Melania.

Loo! Miaka minne tu vita vimekwisha, hakuna nyumba mjini isiyokuwa na wafu wake, na yeye ametamka Berlin. Mzee alikuwa amekwisha kuiondoa makala hiyo kimyakimya katika orodha ya kazi zake, na waliobaki hai wanaoijua ni watatu: yeye, mkewe na Melania.

"Kumbe," akasema Shapoval. "Mali ya taifa aliipeleka kwa Wajerumani."

"Hapa walimkatalia! Alianza kuipeleka hapa!"

"Nani aliyemkatalia? Mtaje."

Waliomkatalia walikuwa wamepigwa risasi zamani kama wasaliti, na majina yao hayakutajika. Melania akakaa.

Mkutano ulipokwisha Shapoval alimfuata koridoni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya watu wote. "Hongera, Melania Tarasivna. Miezi yote hii tumechimba, hatukupata kitu. Sasa tunacho."

Melania akauchomoa mkono wake, akamkimbilia mzee aliyekuwa anafunga vifungo vya koti. "Baba, sikukusudia! Naapa sikukusudia!"

"Shh. Najua." Breyder hakuacha kufunga vifungo. "Ila usimwambie mtu. Waache waamini ulikusudia, hawatakugusa. Hata Rozalia usimwambie. Hawezi kuficha jambo, atakuponza."

Polisi wa siri walimchukua mzee alfajiri ya Jumapili. Kufikia Mei Melania alikuwa na udaktari, na kufikia vuli alikuwa na chumba cha kazi cha mzee na vipindi vyake vyote. Habari kwamba Breyder amefia kambini kaskazini zilifika majira ya baridi. Siku chache baadaye, kwenye foleni ya mkate, Rozalia alitoka mahali pake, akaja mpaka alipokuwa Melania, akamtazama kwa muda mrefu, akamtemea mate usoni. Foleni nzima ikageuka kutazama.

Melania akajifuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Akasogea mbele kidogo, kumpisha yule mama arudi mahali pake, na siri ya mzee akabaki nayo.