Muhogo wa Siku Tatu

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu hospitali ya Ruharo kupimwa macho. Tulipomaliza mapema, tukashuka kando ya Mto Rwizi, tukatembea polepole. Fasi moja maji yalikuwa yamesimama kwenye majani, yananuka uchachu. Mjukuu akaziba pua. Mimi nikasimama nikavuta pumzi, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya bonde letu kule Burundi, kabla kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale haijawa kwetu.

Kama hukukulia bondeni, nikueleze. Muhogo wetu ulikuwa ule mchungu. Usipoulowesha vizuri unatapisha, na mtoto mdogo unaweza kumuua. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na shimo lake kando ya mto, na muhogo ulikaa majini siku nne kamili. Ndipo unatwangwa, unafungwa kwenye majani ya mgomba, unapikwa, na kuliwa na maharage yenye mawese. Bibi yangu alikuwa akisema, "Mto hauna haraka. Mwenye haraka ni tumbo."

Nilikuwa na miaka kama tisa, na nilikuwa mvivu. Jumatatu Bibi akanituma nikaloweshe kapu la muhogo. Nikawakuta wenzangu wanashika kaa chini ya mawe. Nikaficha kapu kwenye matete, nikacheza mpaka jua likazama. Muhogo niliutia majini kesho yake, nikanyamaza.

Ijumaa tukaenda kuutoa. Shangazi yangu alikuwa anakuja siku hiyo na mtoto wake, aliyetoka tu kuachishwa ziwa. Bibi akabonyeza mihogo ya juu, ile myembamba, ikabonyea.

"Ni siku ya ngapi?"

"Ya nne," nikasema.

Akaamini. Mimi nilikuwa nimesoma mwaka mmoja kwa masista, yeye hakusoma hata siku moja, na hesabu yangu aliiheshimu.

Njia ya kurudi ilifuata mto. Bibi mbele na kapu kichwani, mimi nyuma. Umande ulikuwa haujakauka, moshi wa tanuri za matofali ulilala chini, akina mama wameinama kwenye matuta ya maharage, na korongo wenye taji wanatembea taratibu kama maaskofu. Leo ninaona uzuri wote huo nikifumba macho. Siku ile nilikuwa ninaona mdomo wa yule mtoto tu.

Jirani mmoja akaita kutoka shambani, "Mama mukubwa, leo tunakula kwako?"

"Mukuje. Lakini mutwange kwanza. Kukula tu, hata mbuzi anajua."

Wakacheka wote. Tulipofika kwenye gogo la kuvukia, nikasimama.

"Bibi, ni siku ya tatu."

Akatua kapu chini. Akaniangalia mpaka nikajikunyata kungoja kofi. Kofi halikuja.

"Turudi," akasema.

Tukarudi njia yote ile, mbele ya akina mama wale wale. Yule jirani hakukosa neno. "Ee, mama mukubwa, samaki ndio bageni siku hizi?"

"Nimehesabu vibaya," Bibi akajibu. "Ni uzee."

Yeye, aliyejua kila kuku wake ameatamia siku ngapi. Wageni walikula viazi vitamu, na shangazi alinuna kidogo. Bibi akamwambia maneno yale yale: nimehesabu vibaya. Hakuniangalia hata mara moja.

Bonde lile wanasema sasa limelimwa mpaka kwenye maji, na mashimo yamefukiwa. Hapa Nakivale tunakula posho, yaani ugali wa mahindi, unga unatoka dukani, hakuna anayeungoja mto. Bibi alizikwa kule na mimi sikuwepo. Yule mtoto wa shangazi ana ndevu nyeupe, yuko kijiji cha pili, na bado anakula kama watu wawili.

Wazee wachache wa bonde letu tuko nao hapa. Tukitoka misa wananitania, "Mujukuu wa yule mama aliyekosea siku za muhogo." Mimi huwa ninacheka nao. Miaka yote hii nimecheka nao.

Wajukuu wangu wananiita mkali, na ni kweli. Basi na mimi leo nisijihurumie. Bibi yangu hakukosea siku hata moja maishani mwake. Ni mimi niliyedanganya, na Jumapili, watu wakitoka misa, nitawaambia.