Sahani ya Kwanza

Watu wana ujasiri wa ajabu na tumbo la mwenzao. Mtu akivunjika mguu, humsikii jirani akimwambia autembeze tu, utapona. Lakini aseme tumbo lake linaumwa, kila mwenye mdomo anageuka daktari: kunywa hiki, acha kile, wewe huli ndiyo maana. Mama Upawa aliyasikia hayo mpaka masikio yakachoka, na kama leo ana ukali, mimi simlaumu hata kidogo.

Alikuwa mpishi mkuu wa kantini katika kiwanda cha magodoro. Jina hilo alibandikwa na wafanyakazi kwa sababu upawa haukumtoka mkononi. Alipakulia nao, na akikasirika alikuonyesha mlango kwa huohuo. Jikoni kwake kulikuwa na majiko mawili makubwa, sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea, meza ya bati, na dirisha pana ambapo watu walipanga foleni saa ya chakula, nywele zimejaa vumbi jeupe la sponji.

Dirisha lile lilikuwa na sheria yake. Kabla Mama Upawa hajaajiriwa, mpishi mmoja aliwalisha watu samaki waliooza, nusu ya kiwanda ikalala chali. Tangu hapo wafanyakazi wakakubaliana na meneja kwamba sahani ya kwanza ataila mpishi mwenyewe, amesimama dirishani mbele ya foleni, mpaka aimalize. Mpishi mwingine angeona anadharauliwa. Yeye aliipenda sheria hiyo. Alikula bila haraka, akalamba vidole, akawaambia wa mbele waendelee kumeza mate, zamu yao inakuja. Kwa miaka mingi hakuwahi kubakiza hata punje.

Kisha tumbo likaanza kumsumbua. Maumivu upande wa kulia, chini, kuharisha kusikokwisha, homa za jioni, siku nyingine damu. Sketi zake zikawa za kushikilia kwa mkono. Kwenye zahanati moja aliambiwa ni minyoo, nyingine ni mawazo. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe ambaye alikuwa anaishi naye, alimsagia majani mabichi ya kila aina, akamsimamia mpaka amalize glasi, na kila glasi ilimpeleka chooni mbio. Wifi akasema hiyo ndiyo sumu inatoka.

Hatimaye daktari mmoja wa hospitali kubwa akamwingiza kamera tumboni na kuupa ugonjwa jina: ugonjwa wa Crohn. Kinga ya mwili wake mwenyewe inaushambulia utumbo, akamweleza. Kuna vidonda, na mahali pamoja utumbo umevimba na kukakamaa, njia ya chakula imebaki nyembamba. Hauambukizi. Haijapatikana dawa ya kuumaliza, lakini unaweza kutulizwa, na asije akaacha dawa kwa kudhani chakula peke yake kitatosha.

Kuhusu chakula alipelekwa kwa mtaalamu wa lishe, mama mmoja mpole ambaye kabla ya kumwambia lolote alimuuliza anakula nini na anajisikiaje baadaye. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mama huyo akamfundisha kwamba kwa hali ya utumbo wake wa sasa, vitu vyenye nyuzi ngumu ni hatari: maganda, mbegu, majani mabichi, mahindi, maharagwe mazima. Ale viazi vilivyomenywa na kupondwa, wali mweupe laini, samaki wa kuchemsha, mayai, ndizi mbivu. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na akitaka kurudisha chakula fulani akijaribu kwanza bila kukichanganya na kingine kipya. Tena akamwonya kwamba huo ni mpango wake yeye. Mgonjwa mwingine wa Crohn huenda akala vizuri kile kinachomuumiza yeye, kwa hiyo asiugawe kama karanga.

Mpishi akielewa sababu, yaliyobaki ni kazi ya mikono. Alichuja supu, akamenya nyanya na kutoa mbegu, akakipa kila chakula ladha kwa chumvi na ndimu. Dawa akazimeza bila kuruka. Uzito ukarudi, sketi ikashika kiuno. Sasa niambieni, mtu kama huyo amemkosea nani?

Amewakosea watu wa foleni, maana sahani ya kwanza ilimshinda. Ugonjwa wake ulikuwa wa chooni, na mwanamke wa makamo hasimami mbele ya wanaume mia mbili kueleza habari za chooni. Alijitia hamnazo. Alichota kijiko kimoja, akatafuna sana, akasema ameshiba. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa ambalo mpishi yeyote angelijua kama asingekuwa na aibu: mpishi aliyeshiba kabla ya foleni kuanza ni mpishi anayejua kitu.

Dereva wa mashine ya kupakia mizigo, waliyemwita Spika kwa ajili ya sauti yake, ndiye aliyelivalia njuga. Kila siku akila pale tumbo linamuuma, alisema, na mpishi mwenyewe haigusi sufuria yake. Maneno yakasambaa. Wengine wakaanza kuja na chakula kutoka nyumbani, wengine wakanusa sahani kama paka. Meneja, mtu aliyeogopa kelele kuliko alivyopenda ukweli, akamwita ofisini. Mama Upawa akajaribu kusema daktari amemkataza baadhi ya vyakula. Meneja hakuinua hata macho. Chakula kinachowafaa watu mia mbili kinamfaa na yeye, akasema. Kesho aile sahani yote, la sivyo dirisha atapewa mtu mwingine.

Kazi hiyo ndiyo iliyomnunulia dawa. Bila kazi hakuna dawa, na bila dawa hakuna utumbo. Mtu akikubana kwenye kona kama hiyo halafu aseme umechagua mwenyewe, anastahili kupigwa na upawa.

Kesho yake kulikuwa na maharagwe, mahindi ya kuchemsha na kabichi mbichi. Spika alisimama wa kwanza, mikono kifuani. Mama Upawa alikula yote. Watu wakampigia makofi, hebu fikirini, wakampigia makofi.

Kabla kazi haijaisha tumbo lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma, anatapika mpaka nyongo. Wifi alikuja akamkimbiza hospitali. Chakula kimekwama kwenye ile njia nyembamba, daktari akasema. Akatundikiwa maji, akakatazwa kuweka chochote mdomoni, na madaktari wakawa wanampitia huku kisu kikisubiri. Bahati yake njia ikafunguka bila kisu. Wifi alikuwa amekaa kando ya kitanda, chupa ya majani imefichwa kwenye mkoba. Muuguzi alipomweleza kilichotokea, aliitoa chupa ile akaimwaga mwenyewe kwenye sinki.

Pale kitandani ndipo hasira zilipompanda Mama Upawa. Alikuwa amekaribia kufa kwa sababu ya kuogopa kutamka neno choo. Na wale waliomlazimisha hawakuwa na aibu hata chembe.

Siku aliyorudi kazini alipika kama kawaida, ila pembeni akaweka sufuria yake ndogo. Foleni ilipojaa akasimama dirishani na sahani mbili.

"Nina ugonjwa wa utumbo," akasema, na hakupunguza sauti. "Hauambukizi. Nilikuwa naharisha damu. Maharagwe na kabichi mlivyonilisha siku ile vilikwama tumboni, nikalazwa. Chakula chenu ni kizima, nimekipika kwa mikono hii. Kuanzia leo mimi nakula changu. Na sahani ya kwanza ataila yule mwenye mashaka."

Akamsukumia Spika sahani ile yenye chakula cha wote. Watu wakacheka. Spika hakuwa na pa kutokea, akachukua kijiko. Alikula kidogo, akatulia, akala tena kidogo. Jasho likamtoka. Watu wakadhani ni aibu, wakazidi kumcheka. Lakini Mama Upawa alikuwa anauangalia mkono wake wa pili. Spika alikuwa amekunja ngumi na kuibana upande wa kulia, chini, pale pale.

Alimnyang'anya sahani, akafungua foleni, na watu walipokwisha kula akamwita jikoni, akamkalisha kwenye kiti cha kumenyea viazi. Akamuuliza maumivu hayo yana muda gani. Spika akasema zaidi ya mwaka. Akamuuliza kama anaona damu. Yule bwana ambaye sauti yake ilivuka mashine zote akatikisa kichwa kukubali, anaangalia sakafu.

"Nilijua ni chakula chako," akasema polepole. "Ulipoacha kula, nikasema basi, nimepata ushahidi. Ningemwambia nani, mama? Mwanamume unaanzaje?"

Hasira zikamrudia Mama Upawa. Mtu huyu alikaribia kumuua ili asiseme neno ambalo yeye amelisema leo mbele ya wote. Na neno lenyewe alilijua, kwani alikuwa amelificha yeye pia.

"Mimi si daktari," akasema mwishowe. "Huenda ni hiki changu, huenda ni kingine. Kesho unaenda hospitali, unawaambia damu, unawaambia mwaka. Usiniulize nakula nini, wewe hujui tumbo lako lina nini. Na usije ukanywa majani ya mtu."

Spika akaitikia, akainuka. Mama Upawa akamwambia akae.

"Sijakusamehe," Mama Upawa akasema. Akatoa viazi vilivyobaki kwenye sufuria yake ndogo, akavipakua kwenye sahani, akamwekea mbele. "Lakini hujala."

Spika akala, naye akasimama mlangoni na upawa wake, mtu asiingie kuwaona.