Kompyuta ya Marehemu Kulwa

Ondoa kwanza kidole kwenye hiyo swichi, mwanangu. Kaa hapa. Kuna siku moja huwa inanirudia kila nikiletewa kompyuta mpakato ya zamani, na hiyo uliyonayo, nzito kama tofali, inafanana mno na ile ninayoikumbuka. Acha nikusimulie kabla hujaiwasha.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, binti mwanafunzi wa ufundi mjini Kahama, na sikuwa na adabu ya kazi. Nilikuwa na kiburi. Aliyenifundisha ni Mzee Sefu, mtu mwenye asili ya Tanga aliyehamia huku zamani, mpole wa sauti lakini mkali wa macho. Alikuwa na sharti moja tu kwa mashine iliyokaa muda mrefu: usiiwashe kabla hujaifungua ukaona ndani. Kuna betri ndogo ya saa ambayo huoza na kutoa maji makali, kuna kutu, kuna hata mayai ya mende. Mimi nililiona sharti hilo ni la mtu mwoga. Kwa hiyo alipokwenda Mwanza kutafuta vipuri akaniachia duka kwa siku kadhaa, nikajiona mimi ndiye fundi.

Siku ya pili akaja mama mmoja wa makamo, kavaa vitenge viwili vilivyopauka, mgongoni kabeba kitu kama mtu abebavyo mtoto. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa shida. Alipokifungua kile kitenge nikaona kompyuta ya kijivu, yenye udongo mwekundu katikati ya vitufe.

Aliitwa Mama Kulwa. Alizaa mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa alifanya kazi na watafiti wa madini, na mmoja wao alipoondoka alimwachia ile kompyuta. Kazi ilipokwisha Kulwa akaingia kuchimba mwenyewe katika machimbo ya njia ya Geita, kompyuta akiwa nayo kambini. Miezi mitano kabla ya siku hiyo, ardhi ilikuwa imekaa, yaani imeporomoka na watu wakiwa chini. Maduara ya pale, yaani mashimo ya wachimbaji, yameungana chini kwa chini, na hakuna aliyejua Kulwa alikuwa upande gani. Walitafuta wakachoka. Msiba ulikaliwa bila kaburi.

"Nataka tu iwake," aliniambia. "Aliipenda sana."

Nikaiwasha. Sikuifungua, mwanangu. Niliifuta vumbi kwa kitambaa nikachomeka umeme, na ilipowaka nikacheka kwa furaha. Mama akaomba kuipakata. Nikamwekea mapajani, akaifunika na kitenge chake kwa juu, akaacha kioo tu kinaonekana. Tulikaa hivyo kama robo saa, mimi naendelea na redio ya mtu, jua la saa nane linachoma bati.

Kisha ikalia. Pii. Nikageuka. Mikono ya mama ilikuwa imeshika kingo za kompyuta, mbali na vitufe, na kwenye kioo herufi zilikuwa zinajiandika. Zinakuja tatu, zinatulia, zinakuja nyingine nyingi kwa haraka, zinatulia tena, hasa kama mtu anayefikiria la kusema. Nywele zilinisimama. Mteja aliyekuwa mlangoni akaondoka bila kuaga na redio yake akaiacha.

Mama Kulwa hakuogopa hata kidogo. Hakujua kusoma. Aliniangalia mimi, macho yamemjaa maji, akaniuliza, "Anasemaje?"

Hapakuwa na neno pale kwenye kioo. Zilikuwa herufi zisizo na maana, mstari baada ya mstari. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema mashine ni mbovu. Lakini nilimwonea huruma, na tena nilikuwa na hofu, na katikati ya hofu na huruma mdomo ukaniponyoka.

"Anasema hajambo, mama."

Akacheka. Sijapata kusikia cheko la namna ile tena, jembamba, la mtu aliyesahau linavyofanywa. Akawa anaisugua ile kompyuta mgongoni taratibu, hadi aliponiaga na kuniachia niitunze dukani.

Kesho yake akarudi na watu. Keshokutwa wakaongezeka. Anakaa, anapakata, anafunika, na baada ya muda herufi zinaanza. Mimi nasoma. Nilisoma kwamba ana amani, kwamba anamkumbuka Doto, kwamba mama ale vizuri. Nikuambie ukweli wote: kichwa kilivimba. Wakubwa zangu walikuwa wananiamkia wao kwanza, na usiku nilianza kujiuliza kama labda ni kweli nasoma. Ndipo uongo unapotisha, mwanangu, pale mwenyewe unapoanza kuusikiliza.

Siku ya nne mama akauliza nilichopaswa kukitazamia. "Muulize yuko duara gani. Nimzike mwanangu."

Nilikosa pa kutokea. Nikakumbuka kusikia wachimbaji wakilitaja duara moja la zamani upande wa mashariki, lililoachwa kwa sababu miti yake ya kushikilia kuta imeoza na hewa yake ni mbaya. Nikawaza: hilo hakuna wa kuliingia, watakwenda waombe pale juu, yaishe. Nikalitaja.

Asubuhi iliyofuata nafungua duka, nainua kichwa, nikamwona Kulwa amesimama mlangoni.

Picha yake nilikuwa naijua, mama alinionyesha. Pua ni ile, kovu dogo la nyusi tu ndilo halikuwepo. Alikuwa na kamba begani na tochi ya kichwani.

"Mwangaluka, dada," aliniamkia Kisukuma, kwa upole. "Mimi ni Doto. Naomba unisaidie kitu kimoja. Kaka amesema yuko umbali gani kutoka mdomoni mwa duara? Nijue niteremke na kamba ya urefu gani."

Nilitikisa kichwa tu. Akanishukuru, mwanangu, akanishukuru! Akaenda kupanda gari lililokuwa linamsubiri na wenzake na mama yake. Na mimi nikabaki nimeshika mlango.

Mzee Sefu alifika na basi la asubuhi hiyo hiyo. Aliniona uso, akaniambia nieleze, nikaeleza. Hakupiga kelele. Alichukua bisibisi, akaifungua kompyuta, akanigeuzia nione. Betri ya saa ilikuwa imevuja, kutu ya kijani imetambaa mpaka kwenye utepe wa kibodi. "Ikipoa haifanyi kitu," alisema. "Ikifunikwa kitenge ikapata joto, kutu inaunganisha nyaya, inajiandika. Mashine haijamdanganya mtu, Nyamizi. Imeumwa tu. Maneno aliyasema nani?"

"Mimi."

"Basi yafuate. Mimi siendi. Utakwenda mwenyewe, na utayasema mbele ya wote waliokusikia."

Nilidandia lori la mchele lililotoka Kagongwa, na njia yote nilikuwa naomba pancha iwapate wao. Haikuwapata. Nilipofika, watu wamelizunguka lile duara, wanaume wanne wameshika kamba, na kamba inateremka. Nilichungulia nikaona kimwanga kidogo tu cha tochi yake chini, kinazunguka zunguka gizani. Nikapiga ukelele wa jina lake. Nikapiga tena, "Doto! Doto! Panda, ni uongo, nimesema uongo!"

Kamba ikasimama. Nikajilaza ukingoni nikaita tena. Kisha ikavutwa mara mbili, wakamvuta. Alitoka amepauka, anahema kama mtu aliyekabwa, na jambo la kwanza alilouliza ni, "Nani alikuwa ananiita kule chini? Nilishaanza kumfuata."

Tulimwambia ni mimi, nilikuwa juu. Alitikisa kichwa. Mpaka leo hakubali kwamba sauti ile ilitoka juu, na mimi nimeacha kubishana naye.

Nikasema yote, mbele yao wote. Kutu, joto, kitenge, herufi zisizo na maana. Nilitegemea kipigo. Mama Kulwa alikuja mpaka karibu yangu, akaniuliza jambo moja tu. "Na ile siku ya kwanza? Aliposema hajambo?"

"Ni mimi, mama."

Akanitazama kwa utulivu. "Basi mwanangu amekufa mara ya pili," alisema, "na safari hii umemuua wewe."

Kisha akaketi chini kwenye ule udongo mwekundu, akamshika Doto mguu kwa mikono yote miwili, akalia kilio ambacho watu walisema hakukilia hata siku ya msiba. Nilisimama pale mpaka alipomaliza. Sikuwa na haki ya kuondoka.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuusia. Mashine iliyolala miaka usiiwashe kabla hujaifungua. Lakini hilo ni la bisibisi, utalijua kwa wiki moja. Lililo gumu ni hili: mtu aliyefiwa akikuuliza umeona nini, mwambie ulichokiona, hata kama ni kutu tu. Usipojua, sema sijui, uvumilie macho yake. Usimpe faraja ambayo wewe mwenyewe hutathubutu kushuka nayo shimoni, maana yeye atashuka nayo.

Mungu akutulizie mikono, akupe mdomo unaongoja macho yaone kwanza. Wale watakaokuletea vitu vya marehemu wao watoke kwako na ukweli, na waweze kulala. Haya, lete bisibisi.